Mafuta Kwenye Beseni

Kwanza mjue kitu kimoja kuhusu sisi watu wa Zombe, huku Kitui: hatutoki nje tukiwa tumepauka. Unaweza kuwa huna sukari kwa nyumba, mbuzi wako wamekonda mpaka mbavu zinaonekana kutoka barabarani, lakini ukienda kwa watu unaoga hata kama ni kwa maji ya kikombe, unajipaka mafuta, unang'aa. Mtu akipita na ngozi imekauka ikawa na ule weupe wa jivu, watu wanamwangalia wanaulizana, kwani huyu hana mtu? Hana mtoto, hana mjukuu, hana hata jirani wa kumgawia mafuta ya kidole kimoja?

Susu wangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusema. Susu ni nyanya, mama ya mama yangu, na ndiye alinilea. Nikitoka mbio kwenda shule ananivuta na kola, anachota ile jeli ya kukamulia ng'ombe, ananipaka uso na viganja viwili mpaka macho yanawasha. Halafu ananisukuma. "Sasa enda. Sasa unaonekana wa kwetu."

Nawaambia hii mapema kwa sababu kila kitu kilichoharibika kilianzia hapo, na hakuna mtu naweza kushika shati nimwambie ni wewe. Hiyo ndiyo inaniuma. Kama kungekuwa na wa kulaumu ningekuwa nimeshamalizana naye. Wanaonijua wanajua.

Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu hapo sokoni. Sijasomea mahali. Nilianza kwa kufungua simu zilizokufa za watu wa ukoo, zingine nikaziua mara ya pili, mpaka nikaanza kuelewa. Siku moja akasimama mama mmoja mwenye miwani, viatu vya vumbi, amebeba kitu kama redio ya polisi amekifunga kwa leso.

"Wanasema unafungua kila kitu."

"Kama kilifungwa na mtu, kinafunguka."

Akacheka. Ilikuwa kamera, na pale pa kuingiza chaja palikuwa pamejaa vumbi la Kitui na pini moja imelala. Nilipoiwasha akaichukua akanielekezea, akanigeuzia kioo. Nikajiona nimekuwa rangi ya chungwa, shingo ya manjano, macho yanawaka. Lakini katikati ya uso, bluu tupu.

"Mbona pua yangu ni ya marehemu?"

"Pua ni baridi kila wakati. Yako, yangu, na ya mbwa wako. Hii kamera haioni mwangaza. Inaona joto."

Hapo nilishikwa. Nilimuuliza maswali mpaka wateja wawili wakaenda. Wiki iliyofuata nikafunga kibanda nikawa msaidizi wake. Tulimwita Daktari, lakini hakuwa wa kutibu. Alikuwa wa utafiti, hata paketi ya dawa hakubeba. Alitoka Makueni, upande wa Wote, Mkamba kama sisi, na alikuwa na jambo moja tu kwa kichwa: moyo.

Alinieleza tukikaa kwa hatua ya kibanda, akitumia mkono wangu kama ubao. Moyo ukichoka, alisema, damu haifiki vizuri mwisho wa barabara, na mwisho wa barabara ni vidole. Kwa hivyo unamwambia mtu atie mikono kwa beseni ya maji baridi kidogo, atoe, afutwe na taulo, halafu unaangalia na kamera. Mtu mwenye moyo mzima, joto linarudi lenyewe. Linaanza kwa kiganja, linapanda vidole, kama makaa yakipulizwa. Mtu ambaye damu yake inatambaa, vidole vinabaki bluu.

"Kwa hivyo inaona ugonjwa wa moyo."

"Hapana. Usiwahi kuwaambia watu hivyo. Kuna ile picha ya moyo yenyewe, wanaiita eko, iko Kitui mjini na foleni yake unaijua. Mimi nataka tu kujua kama hii kamera inaweza kusema nani apande gari kwanza."

Ni hilo tu alitaka, na mimi niliona ni kitu kikubwa kuliko barabara ya lami. Alikuwa amejaribu Makueni na wagonjwa waliolazwa wodini, na picha zake zilikubaliana na eko. Sasa alitaka watu ambao hawajaona hospitali, wale wanaotembea. "Wale wanaanguka shambani," alisema, "halafu mnasema alikuwa amechoka."

Kanisa letu likatupatia darasa la watoto wa Sunday school, kwa sababu ni la matofali na lina kivuli cha mkwaju. Joto ndilo adui wa hiyo kazi. Tulianza asubuhi mapema, tukatundika magunia yenye maji kwa madirisha, na watu wakakaa kwanza watulie. Masharti yalikuwa machache. Usinywe chai. Usivute ugoro. Usisalimiane kwa mkono, kwa sababu mkono wa mwenzako unaacha joto. Hiyo ya tatu ilikuwa kazi. Mwambie mama wa Kikamba akutane na mwenzake asimshike mkono! Walikuwa wanagongana viwiko wakicheka kama wasichana.

Pasta alikuwa ametangaza Jumapili. "Daktari anawaomba mje bila chai. Na bila ugoro." Akatua, akaangalia viti vya nyuma. "Mnajijua." Kanisa likacheka. "Na mje wasafi, tusiaibishe kanisa."

Walikuja wasafi. Nakumbuka nikiwa mlangoni nikiwaona wakipanda ile njia ya mawe, vitambaa vyeupe kichwani, mikono inang'aa kwa jua la asubuhi. Nilijiringa. Nilimwambia Daktari, "Ona watu wetu." Akasema, "Ni wazuri sana."

Na picha zikaanza kutoka bluu.

Mama wa kwanza, bluu. Wa pili, vidole bluu mpaka kiganjani. Mwalimu wa kwaya, mama mwenye nguvu za kubeba gunia la mahindi, vidole vyake vikakataa kuwaka. Kila Daktari alipoweka picha kwa kompyuta alikuwa anauma mdomo wa chini. Jioni tukifunga akaniambia, "Makueni wale walikuwa wodini. Hawa wanatembea, na wako hivi? Hawa watu wamekuwa wakiishi aje?"

Susu alikuja amevaa ile koti yake ya bluu ya sherehe. Alitia mikono kwa beseni akasema maji yanafanana na ya mto wa utoto wake. Tukaifuta. Tukangoja. Wengine wengi walikuwa wanarudisha joto kidogo, hata kama ni kidogo. Vidole vya susu vilikaa tu, vya rangi ya wino, mpaka Daktari akazima.

"Susu, nakuomba uende Kitui upigwe ile picha ya moyo. Uende na wa kwanza."

"Nina ndengu shambani, mwiitu." Mwiitu ni msichana, alimwita Daktari hivyo na miwani yake yote. "Ndengu zikikauka zinapasuka. Moyo wangu haujawahi kunipasukia."

Nilimrudisha nyumbani. Njiani alisimama mara nyingi kurekebisha kiatu. Alikuwa na hiyo tabia kwa muda, kuinama kurekebisha kiatu kila tukipanda mlima. Kilikuwa kiatu cha kuvaa tu na kutoa, hakina hata kamba. Nilikiona kila siku na sikuwahi kujiuliza anarekebisha nini.

Akina mama walioandikiwa waende Kitui walienda wakilia. Wengine waliaga watoto. Mwalimu wa kwaya aliimbisha wimbo wa mazishi barabarani akingoja gari, ati ajizoeze. Na mmoja mmoja wakarudi. Moyo mzuri. Moyo mzuri kabisa. Daktari wa huko amemwambia moyo wake ni wa msichana.

Mara ya kwanza tulifurahi. Baadaye sokoni wakaanza kuniita.

"We dada wa kamera! Leo umezika nani?"

"Kuja nikuzike wewe," nilimjibu muuza nyanya mmoja, na nikaongeza mengine ambayo pasta alisikia kabla jua halijatua. Sikujali. Mtu akimgusa mtu wangu mimi sina breki, na Daktari alikuwa mtu wangu.

Aliendelea na kazi, lakini alikuwa amechanganyikiwa. Alipima joto la chumba. Alipima maji. Alinipiga mimi picha kila asubuhi kabla ya kazi, na mimi niliwaka kama jiko. Mimi hufungua simu na vidole. Ukiwa na mafuta mkononi unaharibu vitu, kwa hivyo siku ya kazi nilikuwa najipaka miguu tu, halafu nanawa mikono. Hakuna kati yetu aliyefikiria hilo. Kwa nini ufikirie?

Ilikuwa mchana, tumemaliza, nimebeba beseni nikamwagie mti. Daktari akasema ngoja. Kuna tundu moja kwa mabati ya hilo darasa, na jua lilikuwa limepita hapo likaanguka katikati ya maji. Juu ya maji kulikuwa na duara za rangi, zambarau, kijani, dhahabu, zinatembea polepole. Kama zile za dimbwi mahali lori limesimama.

Aliangalia sana. Akainua mikono yake mwenyewe akaiangalia pia. Ilikuwa inang'aa.

"Nawa mkono mmoja na sabuni," akaniambia. "Huo mwingine paka mafuta vizuri. Kama unaenda kanisani."

Nikafanya. Nikaiweka yote miwili mbele ya kamera. Mkono wa sabuni uliwaka chungwa. Wa mafuta ulikuwa bluu.

Mikono ni yangu yote. Moyo ni mmoja.

"Makueni walikuwa wamelala wodini," alisema, sauti imeisha. "Hakuna mtu alikuwa anaenda kuonekana na watu. Hapa walikuja kunisalimia." Akakaa kwa kile kiti kidogo cha watoto, magoti juu. "Na mimi mama yangu alinipaka hivi hivi. Nimejipaka leo asubuhi. Nilikataza chai, nikakataza ugoro, nikakataza mpaka salamu."

Nikamwambia tupige zote upya kimya kimya, nani atajua. Akaniangalia kama mtu ambaye nimemwagia maji.

"Kuna mama alipanga mazishi yake kwa sababu yangu."

Jumapili pasta alimpa nafasi wakati wa matangazo. Alisimama mbele bila kamera, bila kompyuta, mikono amekunja mbele ya sketi.

"Picha nilizowapiga zilikuwa na makosa," alisema. "Makosa ni yangu, si yenu. Mlijipaka mafuta, na kamera ikaona mafuta, haikuona ngozi. Sikuuliza. Na mimi ni mtoto wa huku, ningejua. Naomba mnisamehe kwa ile hofu."

Mzee mmoja wa kanisa, mwenye duka la simiti, akasema bila kusimama, "Kwa hivyo Daktari, tumepimwa mafuta?"

Kanisa likapasuka. Mwalimu wa kwaya alikuwa anapiga goti lake. "Na mimi nililia mpaka Kitui! Kumbe ni jeli ya ng'ombe!"

"Wangepima ng'ombe basi!" mwingine akaitikia.

Nilijikuta nimesimama. Nilisema nyamazeni. Nilisema nyinyi hata simu yenu mnaletewa mtoto awawashie, mnacheka nini, hiyo mashine haijakosea hata siku moja—

"Keti," Daktari akasema.

"Lakini wanaku—"

"Ilikosea. Keti. Usinitetee na uongo."

Mbele ya kanisa lote. Nilikaa uso unawaka. Siku hiyo hata pua yangu ingetoka manjano.

Daktari akaendelea. Alisema kuna wachache bado anawaomba waende Kitui, na anaomba kuwapiga wengine tena, safari hii wakinawa na sabuni nyumbani na waje bila mafuta. Alikuwa anamwangalia susu. Kila mtu aliona anamwangalia susu.

Susu akasimama kutoka benchi ya akina mama. Alishika benchi ya mbele kwanza, kidogo, kabla ya kusema.

"Nije mbele ya watu nimepauka kama mtu amelala jivuni? Watu waseme huyu msichana nimemlea hanitunzi?" Akanionyesha mimi na kidevu. "Daktari, umesema mafuta, tumeshukuru. Hata yangu ilikuwa mafuta. Tumemaliza."

Wakampigia makofi. Hakuwa na ubaya, jamani. Alikuwa anamfunika Daktari, anamalizia aibu yake ili ibada iendelee. Na alikuwa ananifunika mimi. Lakini hayo makofi ndiyo yalifunga mlango. Kuanzia siku hiyo nikimgusia Kitui alikuwa na jibu moja, na lilitoka kwa mdomo wa mtu wangu mwenyewe: "Daktari wako alisema ni mafuta."

Muda wa Daktari huku Zombe ulikuwa unaisha. Kabla ya kurudi Makueni alikuja kwetu nyumbani kuaga. Susu alikuwa kwa mkeka akichambua ndengu, tini la mafuta liko kando kama kawaida. Daktari akaketi karibu naye, akanyoosha mkono wa salamu. Susu akaushika, akaugeuza, akaufungua kama mtu anakagua kitambaa.

"Hii ni mikono ya nani?"

"Ni yangu, susu."

"Hapana. Hii ni ya mtu hana mama." Tangu siku ya beseni Daktari alikuwa ameacha kujipaka, na vidole vyake vilikuwa vimekuwa na mistari myeupe kama ubao wa shule. "Mama yako yuko?"

"Yuko Wote."

"Anajua unatembea hivi?"

Susu hakungoja jibu. Alichota mafuta, akaanza kumpaka. Polepole, kila kidole peke yake, katikati ya vidole, nyuma ya mkono, mpaka kwa kifundo. Daktari alikuwa amekaa kama mtoto. Mimi nilikuwa napika chai nikiwaangalia kwa mlango, na niliona uso wa Daktari ukibadilika.

"Susu," akasema. "Vidole vyako ni baridi sana."

"Ni mafuta," susu akamwambia.

Akacheka. Alicheka vizuri, kichwa nyuma, akafurahia mzaha wake, halafu kicheko kikaisha kabla hajamaliza kucheka, na akabaki ameshika kifua na mkono mmoja, mdomo wazi, akitafuta pumzi mahali ilienda.

"Hakuna kamera hapa," Daktari akasema. "Ni mkono wangu unasikia."

"Mkono wako pia una mafuta sasa." Pumzi ilikuwa imerudi nusu. "Nitaenda, mwiitu. Nimalize ndengu. Kunywa chai."

Daktari aliniangalia juu ya kikombe, na mimi nilielewa. Sitawadanganya ati sikuelewa. Nilimpigania susu kuanzia kesho yake. Tuligombana, mimi na yeye tunajua kugombana. Ndengu zikaisha, ikawa kupiga na kupepeta. Kupepeta kukaisha, ikawa kongamano la akina mama huko Mwingi, na ameshasema ataenda, na sare imeshonwa. Alirudi kutoka Mwingi akiimba, akalala siku nzima. Nikamwambia kesho ni Kitui. Akasema mvua imekaribia, nani atalima? Nilitaka kumbeba kwa nguvu. Lakini unambebaje mtu ambaye amesema kanisani kwamba ni mzima, na aliyempima mwenyewe ameungama kwamba hakumpima?

Asubuhi moja akainua mtungi wa maji, si mkubwa, akauweka chini tena, akakaa kando yake. Nilipofika aliniambia kwa sauti ndogo, "Hiki kiatu." Na hakuwa amevaa viatu.

Jirani akawasha gari. Tulimtoa kitandani, na yeye anakataa kwa mkono, anaonyesha dirishani. Tini la mafuta. "Siendi hospitali hivi." Gari inanguruma, jirani anapiga honi, na mimi nimepiga magoti nampaka susu mikono na miguu. Miguu ilikuwa imevimba. Nilipobonyeza, alama ya kidole ilibaki. Nilimpaka vizuri. Nilimpaka kama alivyonipaka mimi.

Kitui, wakataka kupima umeme wa moyo. Nesi alibandika vile vibandiko kifuani na mikononi, vikateleza. Akabandika tena, vikateleza tena.

"Nani amempaka huyu mama hivi?"

"Ni mimi."

Nilikuwa tayari kwa vita. Lakini nesi alitabasamu tu, akachukua pamba na spiriti. "Umemtunza," akasema, akaanza kumfuta. Susu akafunga macho. Hapo ndipo nilitoka nje nikalia, kwa sababu nilimwona anavyokuwa chini ya hayo mafuta. Alikuwa wa rangi ya jivu.

Eko ilionyesha mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri, na moyo wenyewe umepanuka kama kiondo kilichobeba kupita kiasi. Daktari wa hapo, kijana mpole, alisema ni kitu cha zamani. Nikauliza, kama angekuja wakati wa ndengu? Akafikiria kabla ya kujibu, na kwa hiyo kufikiria namshukuru. "Tungekuwa na muda wa kumsaidia," akasema. "Sasa tutampunguzia tu haya maji yaliyomjaa mwilini."

Walimpunguzia maji. Alirudi nyumbani na vidonge, akakaa kwa kiti chini ya ukuta wa jikoni, akiniamuru kuhusu kuku. Mbaazi zilipoanza kutoa maua hakuamka.

Daktari alikuja mazishi kutoka Wote. Mikono yake ilikuwa inang'aa. Niliiona kabla ya kuona uso. Alifanya kazi jikoni na akina mama, hata huyo mwalimu wa kwaya akampa mwiko, na hakuna mtu aligusia kamera. Watu walipopungua tulikaa nyuma ya nyumba, na mimi nilikuwa na neno langu nimelibeba tangu Kitui.

"Ulitoa picha zetu zote kwa kazi yako. Rudisha ya susu," nikamwambia. "Alikuwa mgonjwa kweli. Kamera ilimwona. Waambie hao watu wako."

"Siwezi."

"Eko imesema!"

"Eko imesema. Kamera haikusema kitu. Iliona mafuta."

"Ya susu ilikuwa tofauti. Ilikuwa bluu kuliko zote, ulikuwa hapo! Mimi hata leo nikiiona naijua."

Hakubishana. Alitoa kompyuta kwa mkoba, akaipangusa vumbi na kiwiko, akafungua. Picha zake hazina majina, ni mikono tu, hata yeye hujua ya nani kwa namba iliyofichwa. Aliweka mbili kando kwa kando. Mikono ya bluu, vidole vya wino, na mikono ya bluu, vidole vya wino.

"Mmoja ni susu," akasema. "Mwingine ni mama mzima kabisa, na yuko mzima mpaka leo. Nionyeshe."

Hiyo mikono imenipaka uso kila asubuhi ya utoto wangu. Nilijua kovu la panga kwa kidole gumba, nilijua kila mkunjo. Kwa kamera ya joto hakuna kovu. Niliangalia, nikaonyesha picha ya kushoto, haraka, bila kusita, kama ninavyofanya kila kitu.

Daktari alifunga kompyuta polepole, akaniwekea mkono begani, na huo mkono ulikuwa na joto, na mafuta yake yakaacha alama kwa blauzi yangu nyeusi.

Susu alikuwa upande wa kulia.